Kura Niliyomnyima Gethin

Mpendwa Mama Ceridwen wa ukurasa wa ushauri, nisaidie kabla aibu haijanizuia kuiposti barua hii, maana nina siri ya miaka thelathini na tano na mume wangu yuko chumba cha juu anakohoa vumbi la makaa, na daktari keshaacha kuniahidi lolote. Mwaka hamsini na moja Gethin alikuwa kijana wa miaka thelathini na nne, akisimama kusema kwenye ukumbi wa wachimbaji hata waliokuja kumzomea walivua kofia, na kiti cha ubunge kilipobaki wazi yeye na wenzake wa mrengo wa kushoto walitaka kuivunja ile desturi yetu unayoijua, kwamba bunge ni pumziko la mzee aliyekitumikia chama cha wachimbaji, na kila mtu angoje zamu yake. Zamu ilikuwa ya mzee Hopcyn. Mimi nilikuwa mjumbe katika mkutano wa kumchagua mgombea, na mwandishi wa tawi la wanawake, nina mtoto wa miezi minne, nikaiwaza London, nikajiona nikilea peke yangu wiki nzima, na kikaratasi cha kura kiliponifikia nikaandika jina la Hopcyn. Gethin alipata thelathini, Hopcyn thelathini na moja.

Tukirudi nyumbani aliwahesabu kwa vidole wote waliomwahidi, akaniambia, "Yako siihesabu, Nest, yako ninayo." Akaishia kumshuku Idwal, rafiki yake wa shimo moja la makaa, katibu wetu na mhesabu kura, kwa sababu baada ya matokeo Idwal alishindwa kumtazama usoni. Tangu siku hiyo hawajasemezana, na kwenye kwaya wote wawili walikuwa besi lakini walisimama ncha mbili za mstari.

Zamu ya Gethin ilifika akiwa na miaka hamsini na tisa. Aliyatetea mashimo yetu mbele ya viti vitupu, wabunge vijana wa chama chake mwenyewe wakimwita Babu, akarudi baada ya miaka minne mapafu yamekwisha, na sasa shimo letu limefungwa. Juzi nikimnywesha mchuzi alisema, "Ningeingia mapema ningekuwa na watu nyuma yangu. Idwal ndiye aliyelifunga shimo hili." Nilimpangusa kidevu, nikashuka na bakuli. Nimwambie, mama, au nimwache afe na chuki yake?

Nest, bonde la Cwm Hesgen

Nest,

Barua yako sitaichapa gazetini, bonde zima lingekujua kabla ya chai. Nakujibu kwa posta.

Pole. Kuogopa kulea peke yako si dhambi, na hakuna mwanamume aliyekuuliza. Dhambi yako ni kumtazama mtu akibeba mzigo wako miaka thelathini na tano, na Jumapili ukamsikiliza akiimba.

Kuhusu bunge, sitakudanganya, kura yako ilikuwa na uzito. Labda angeingia kijana angekaa kwenye meza wanapoamua shimo lipi liishi. Labda pia angelainika, maana nimewaona wakali walioingia na miaka thelathini, na baada ya kumi wanajua majina ya mvinyo kuliko ya wajane wetu. Gethin yule mbunge kijana hakuna aliyemwona, ndiyo maana hakosei kamwe. Na mashimo yamefungwa hata kwenye mabonde yaliyopeleka vijana bungeni.

Sasa nisikilize. Unasema mliandika majina kwa mkono, na Idwal ndiye aliyehesabu. Wewe ulikuwa mwandishi wa tawi, yeye katibu. Kumbukumbu zako za mikutano ya kila mwezi alizisoma nani? Mwandiko wako aliujua vizuri, Nest. Alishindwa kumtazama mumeo kwa sababu alikuwa amekiona kikaratasi chako. Amekubali kuitwa msaliti ili nyumba yako isimame, nawe hukuwahi kumpelekea hata kikombe cha chai.

Kesho asubuhi nenda kwake. Usioke keki, usilie mlangoni. Mwombe radhi, kisha mwombe aje nawe. Mpandishe ngazi, mketishe kando ya kitanda, halafu useme mwenyewe, kwa maneno machache, kwamba kura ile ilikuwa yako. Gethin akikufukuza chumbani, toka ufunge mlango. Waache hao wawili na muda uliobaki, kwa maana mwingine wote uliuchukua wewe.

Ceridwen