Kope Nilizorithi kwa Baba

Wamagana, Nyeri

Mama mpendwa,

Hamjambo huko nyumbani? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua asubuhi? Mimi ni mzima, ila usishtuke dada akikusomea yanayofuata: nimepasuliwa macho.

Si ugonjwa mbaya, ni zile kope tu. Unakumbuka za Baba zilivyomwangukia, hata kanisani akawa anainua moja kwa kidole ili asome kitabu cha nyimbo, nasi watoto tukicheka chini ya benchi? Nami nilifika hapo. Wanafunzi wa nyuma darasani nilikuwa nawaona miguu tu, na wao walilijua hilo mapema. Basi daktari akaipunguza ngozi iliyozidi, nikarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Aliniagiza niweke kitambaa baridi dakika chache, nipumzike, niweke tena. Nilale chali, kichwa juu ya mito miwili, nipunguze chumvi, nisiiname wala kubeba mzigo. Akanitania kwamba wanaume ndio wasumbufu, siku ya tatu wameshashika shoka. Shoka sikulishika, Mama.

Kilichoniponza ni heshima. Mama mwenye nyumba, wa umri wako, aliingia akakuta kitambaa kinatiririka maji.

"Ati baridi? Na hii baridi yote ya huku? Mwarimu, unataka kujiua? Reta hiyo macho nikande!"

Huku hakuna maumivu yasiyokandwa kwa maji moto. Nawe ulinilea nisimkatalie mama wa watu, nikafumba macho, akanikanda. Kufikia jioni macho yalikuwa yamevimba hata kikombe cha chai nakipapasa. Nilipompigia daktari alinigombeza, akasema turudie baridi. Maskini yule mama alilia kuliko mimi. Tangu hapo amenichotea maji ya kisima mwenyewe, na chumvi akaninyima kabisa. Githeri ile, mahindi na maharagwe yasiyo na ladha, niliila nikiikumbuka mboga yako ya mrenda.

Sasa uvimbe umekwisha karibu wote. Leo asubuhi nilijitazama kwenye kioo. Naona vizuri, Mama, naona hadi theluji ya mlimani. Lakini Baba sikumwona. Tangu tumzike, kila nikija nyumbani unanishika kidevu, unanitazama, unasema, "Huyu hapa." Jambo hilo halikunijia nilipokuwa natia sahihi nipasuliwe. Likizo ni baada ya wiki mbili, na ninaogopa utanishika kidevu halafu unyamaze.

Nisalimie dada anayekusomea, mumewe, na shangazi wa ng'ambo ya mto ambaye najua hachoki kuniombea.

Nikifika nitapiga hodi na kusimama nje kidogo. Nisikilize kwanza, Mama, kabla hujanitazama. Sauti bado ni yake, hiyo hawakuigusa.

Mwanao,
Wekesa