Kigango Langoni mwa Watu

Kakuyuni

Mjukuu wangu Kadzo,

Marahaba. Huku tu wazima. Goti la bibi yako limepata nafuu na mihogo imechipua. Umeniuliza kama niliwahi kuuona ule mji mdogo wa pwani wenye nyumba za Kitaliano, mnaousoma chuoni.

Niliuona mara moja, nikiwa na miaka ishirini, nilipofuatana na baba yangu kupeleka makuti. Niliduwaa kwa minara na matao meupe, hata sikujua kwamba baba amesimama nyuma. Kwenye lango aliposimama, kama pambo, palikuwa na kigango, nguzo ya kuchonga tunayomsimamishia mzee aliyefariki. Kilikuwa cha babu yangu, kilichoibwa kwetu.

"Baba, kumbe uko huku," baba alikiambia kile kigango, akavua kofia.

Mlinzi akaja. "Mzee, hapa hapasimamwi."

"Huyu ni baba yangu," baba akajibu, bila kupandisha sauti.

Mlinzi, mtu wa bara, aliitazama nguzo, akamtazama baba. Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji. "Sina ruhusa ya kuking'oa," akasema, "lakini zungumza naye."

Baba akamwaga maji kidogo chini, akamtajia wajukuu waliozaliwa nyuma yake, mmoja mmoja, mimi nikiwemo.

Hatukukirudisha. Nyumba ile iliuzwa, nacho sijui kilipo.

Ukija likizo nitakupeleka kwenye vigango viwili vilivyosalia kwetu. Wazee wale hawajalisikia jina lako.

Babu yako