Mshale Umelala, Gari Linachemka

Basi mshale wa joto kwenye dashibodi ukawa umelala pale chini, hauna habari, na gari linachemka. Andika hivyo hivyo ninavyosema, Leticia. Wewe ni mke wa mwanangu lakini hujasikia yote, maana jana mumeo alikueleza nusu.

Leo Jumapili. Mvua imekata tangu asubuhi, ziwa limetulia, na mimi nina shukrani hata sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye gari. Masanja mwanangu alipopunguzwa kazi kule kiwanda cha pamba, kiinua mgongo chote akakimalizia kwenye hili gari jekundu la Japani, la milango miwili, la mbio. Wamelitumia huko kwao, likachoka, likaletwa kwetu. Watu wa Buswelu wakacheka: gari gani hilo, hata gunia la mpunga halipati pa kukaa. Lakini maharusi wanalipenda, wanalikodi, na sisi tunakula kwa harusi za Jumamosi. Likifa injini, hatuna kingine.

Jana hakukuwa na harusi, alikuwa ananipeleka Buzuruga kwa mdogo wangu Nkwimba, anaumwa mgongo. Kile kiti unakaa chini kama uko kwenye kigoda cha kukamulia, miguu mbele. Nikaanza kusikia nyayo zinaungua. Halafu harufu, kama chungu cha viazi kilichoishiwa maji.

"Masanja, simama, kuna kitu kinaungua."

"Mama, si unaona mshale uko chini? Gari baridi kabisa hili."

"Mshale hauna pua. Simama."

Akasimama. Hilo ndilo namshukuru Mungu kwanza. Mtu mzima yule, angeweza kuniambia mama nyamaza, hujui magari. Baba yake hakunisikiliza hata kwenye mkokoteni. Ng'ombe anahema, ulimi nje, yeye anachapa tu. Mungu amrehemu, alikuwa na mengine mazuri.

Kufunua boneti, mvuke kama moshi wa tanuru la matofali. Mkono wake ukaenda kwenye kifuniko cha rejeta, maji yanachemka ndani. Nikamshika shati nikavuta mpaka kifungo kikatoka. Leo uso wake mzima, unauona mwenyewe.

Akaitwa fundi Deo pale stendi. Akaacha lipoe, akachomoa waya wa sensa ya joto, kidude kinachopima moto wa injini, akaugusisha kwenye chuma cha injini. Mshale ukaruka mpaka juu. Akasema mshale mzima, aliyelala ni sensa. Kuifungua, imevaa tope kama mtoto aliyetoka kwenye majaruba ya mpunga. Rejeta nayo ina majani ya ziwani, tope, na ganda la konokono.

"Kaka, hii ni rejeta au umefuga sato?"

Maana Masanja anaoshea gari ufukweni kama wenzake wote, na ndoo ileile ndiyo anajazia rejeta. Maji ni maji, ndivyo wanavyosema. Sisi ziwa hili tumelinywa, tumelipikia, nani angejua gari lina tumbo dogo kuliko letu.

Sasa sikia hili. Masanja akacheka. Akakaa kwenye jiwe, akacheka mpaka akafuta macho. Tangu apunguzwe kazi sijamsikia akicheka.

Nikageuza uso nikajifanya natafuta kandambili yangu.

Fundi akachungulia oili. Alisema ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, hapo tuhesabu limekufa. Haikuwa ya maziwa. Lakini akasema bado haapi, mpaka asafishe rejeta, afunge sensa nyingine, liwake lipate moto tuone: mshale ukisimama katikati limepona, ukipanda mpaka juu limekufa. Wakalivuta kwa kamba mpaka hapa nyumbani. Saa hizi wako nje wanafunga.

Kanisani nimeliombea. Halafu nikamtajia na baba yake Masanja huko aliko, maana huwezi kujua.

Likipona, nitashukuru. Likifa, ya jana nimeshashukuru, sitayarudisha. Ila Masanja nitamwambia nini? Arudi tena kukaa kuegemea ukuta siku nzima?

Unasikia, limewaka. Muda wote huu linaunguruma, na mimi nanusa kama harufu ile inarudi.

"Mama! Njoo uone, mshale umefika katikati, umesimama, haupandi."

Nakuja, baba. Weka kalamu, Leticia, nipe mkono, magoti haya. Twende wote.