Hodi ya Saa Kumi na Moja

Jumanne, 7 Mei 1996

Debe tena! Saa kumi na moja asubuhi, bado giza, Wekulo na wenzake wa mkokoteni wa taka wanapiga debe getini ili watu watoe takataka. Mutie ndiyo kwanza amefumba macho. Nikafungua dirisha – wewe, hapa kuna mtoto! Wekulo: "Pole mathe, lakini taka haina miguu!" Nusura nicheke.

Baba Winny, jirani wa mlango wa tatu, hakucheka. Anafanya shifti ya usiku kule reli, alikuwa ameingia kitandani saa hiyo hiyo. Anasema atamwambia landlodi, mwenye ploti, geti liwe linafungwa mpaka saa mbili.

Usingizi nautaka kuliko yeye. Lakini Wekulo asipoingia, rundo linakaa chini ya dirisha langu. Mwezi uliopita walikosa kuja – nzi wakajaa, Mutie akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Hapana. Hiyo sirudii.

Alhamisi, 9 Mei

Kikao pale bombani. Baba Winny: waje saa mbili. Wekulo: saa moja tuko Industrial Area tukingoja kibarua, mzee. Jirani Mama Kezia naye: saa mbili mimi niko kazini, taka yangu utanitolea wewe? Kelele!

Nikajikuta nimesema – waje saa ile ile, bila debe. Saa hiyo niko macho nanyonyesha, nitapita nikigonga milango polepole. Baba Winny akakubali. Kwa majaribio, anasema. Akiamshwa, anaenda kwa landlodi.

Nani alinituma kufungua mdomo?

Ijumaa, 10 Mei

Mungu wangu! Mutie mgongoni, nikaanza na mlango wa Mama Kezia. Kwa kidole kimoja, polepole kama nilivyoahidi. Hakufungua. Nikagonga tena.

"MWIZI!" akapiga yowe ndani.

Nilisahau – hapa mtaani Umoja, ni nani hugonga polepole gizani ila mwizi? Ploti nzima ikatoka. Marungu, panga, Mama Kezia na mwiko wa ugali. Nikapiga kelele mimi mwenyewe: ni mimi, Mama Mutie, msinipige! Wekulo alikaa chini kando ya mkokoteni akacheka mpaka machozi. Na kwa vile wote walikuwa nje, taka ilitoka yote.

Baba Winny aliniangalia tu. "Afadhali debe, mama. Debe lilikuwa na adabu." Nimembembeleza, amenipa mpaka Jumanne wakija tena. Nafasi ya mwisho.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepita mlango kwa mlango, nikawaambia: kesho nitataja jina kwanza, ndipo nigonge. Mama Kezia amenifanyisha mazoezi mara mbili! Kwa Baba Winny sitagonga kabisa. Alale, mtu wa watu.

Jumanne, 14 Mei

Imewezekana! "Mama Kezia, ni Mama Mutie." Mlango ukafunguka, ndoo ikatoka, mlango ukafungwa. Ule mwingine vilevile. Hata kikohozi sikusikia. Wekulo alisukuma mkokoteni kama amebeba mayai. Mutie mgongoni analala tu, mdomo wazi. Nilisikia raha jamani!

Wekulo na wenzake wamefika kule kwenye kona, mlango wa tatu ukafunguka. Baba Winny – fulana, suruali ya kulalia, ndoo imejaa mpaka juu. Mama Winny yuko ushago, kijijini kwao, na yeye amekaa kitandani anangoja nimgongee!

"Wote umewagongea, mimi umeniruka?"

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, si ulitaka kulala, baba? Akachomoka na ndoo yake, maganda yanaanguka nyuma, viatu havijafungwa – "WEKULOOO! WEEE! NGOJA!"

Mbwa wote wa hii laini ya nyumba wameitikia. Mutie ameamka. Milango inafunguka, Mama Kezia ametoa kichwa anauliza ni mlevi gani huyo.

Naandika hapa mlangoni kwa mkono mmoja, Mutie kwenye titi, bado analialia. Baba Winny hajarudi, namsikia tu akiita huko mbele. Siendi ndani. Atanipata hapa hapa, tuongee ni nani sasa ashtakiwe kwa landlodi.