Marahaba ya Kwenye Gemu

Jumapili, Mwamkulu

Bado nacheka peke yangu, ingawa mchana niliogopa.

Nilikuwa uani nageuza mpunga kwenye turubai. Binti yangu Neema kakaa kivulini na simu yangu, anacheza ile gemu yake ya kujenga nyumba na watu asiowaona. Akaniita. Kuna mtu kamwandikia kwamba naye ni msichana wa miaka kumi, eti amwambie anaishi wapi.

Nikauacha mpunga, nikamkimbilia. Sisi wenyewe tumemfundisha: ukiulizwa wewe mtoto wa nani, taja baba yako na kijiji.

"Umemjibu nini?"

"Nimemwandikia shikamoo, mama."

"Shikamoo kwa mtoto mwenzako?"

"Nilikuwa namjaribu. Ona alivyojibu."

Nikasoma: Marahaba, mrembo.

Tumemfungia mtu huyo, na sehemu ya kuandikiana tumeizima. Baba yake akisikia atataka gemu yote ifutwe. Sijui. Kwa sasa atachezea pale ninapomwona.

Na mimi miaka yote namsukuma aamkie watu, nikidhani namfundisha heshima tu.