Matete ya Chemchemi

Bibi yangu,

Sisi huku Awindiri ni wazima, na mtoto ameanza kutambaa. Umeuliza ni nani aliyeiroga chemchemi yako huko Ludara hata ikakauka. Tafadhali usimnunie jirani yako Mama Zainabu. Ni mimi. Likizo ile nilifyeka matete yote kwa kuogopa nyoka, nawe ukacheka: “Sasa iko safi kama chumba ya bibi harusi.” Shuleni nimejifunza kwamba mizizi yake ndiyo iliyoshika udongo. Bila hiyo, mvua ilileta mchanga ukaziba jicho la maji. Niliona aibu kukuambia.

Maji ya bomba yananuka dawa. Natamani ya mtungi wako. Nimechimba matete kando ya mto Oli, nayaleta Jumamosi. Mwite Mama Zainabu tupande pamoja.

Mjukuu wako, Amina