Moto wa Shamba la Kijitoni

Odense, Denmark
21 Oktoba 1979

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Nehemiah Andati,

Pokea salamu zangu kutoka nchi ambayo saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Natumaini goti lako limepoa, Mama ni mzima, na mdogo wangu Kageha bado anawatoa jasho wenzake darasani pale Mukumu. Mimi sijambo, ila baridi imenifundisha kuvaa soksi mbili mbili kama mlinzi wa ghala.

Uliniagiza nikueleze ninachojifunza katika mpango huu wa viongozi vijana wa mazingira. Ninaishi kwa mjane mmoja mkulima, Bi Kirsten. Baba, hawa nao wana sukari! Wanaichimba ardhini, katika mizizi minene kama viazi vikuu. Lakini kando ya kijito chake Bi Kirsten ameacha miti na nyasi, hatua kumi na tano kila upande, na plau haikanyagi hapo. Nilipomwuliza ni serikali gani iliyomlazimisha, alicheka, akasema kwamba yeye hunywa maji pia.

Mwezi uliopita mhadhiri mmoja alitufundisha kwamba shida ya Afrika ni mkulima asiyejua thamani ya mti. Nilisimama kabla hajamaliza. Nilimwambia kwamba Mama yangu, ambaye hajui kusoma, angeweza kumtajia kila mkuyu uliolinda chemchemi yetu. Kwamba shamba letu lilipimwa kwa ajili ya miwa hadi ukingoni mwa maji na watu wenye kamba na karatasi, na mwanamke achotaye maji hayo hakuulizwa neno. Nikamtaka aseme sukari ya kikombe chake inatoka wapi. Mtu akajibu kutoka nyuma kwamba inatoka hapo hapo Denmark, ukumbi ukaangua kicheko. Nami nilicheka, Baba, lakini sikuketi.

Kwa ukaidi huo wakanichagua kuhutubia mkutano wa mji. Nilieleza jinsi miwa yetu ilivyongoja zamu ya kuvunwa kwa miezi thelathini, ikachanua, ikalala chini, huku malori ya kiwanda cha sukari yakitupita. Nilieleza siku ya moto: jinsi upepo ulivyogeuka, mikuyu ikateketea, na chemchemi ikakauka kabla ya Krismasi, hata sasa Mama hupanda kilima na mtungi mara mbili kwa siku. Nilieleza jinsi kiwanda kilichotusahau kilivyofika kuvuna siku ya tatu, kwa sababu miwa iliyoungua huharibika upesi. Nikasema kiwanda ndicho kilichotuchomea miti yetu, na kwamba mkata miwa mmoja asiye na hatia alifukuzwa kijijini kwa ajili hiyo. Watu mia tatu walisimama kunipigia makofi.

Tulipofika nyumbani, Bi Kirsten aliniandalia chai, akaniuliza swali dogo tu: ni nani hasa aliyewasha kiberiti? Nilimjibu kwamba haijulikani.

Baba, inajulikana. Ni mimi.

Sikuwasha kwa bahati mbaya, wala sikutumwa. Wiki ile ulikuwa umesema mezani, ukipoza ugali, kwamba miwa iliyoungua haisubiri zamu. Kila mkulima kutoka Shianda hadi Musanda anasema hivyo, na wengi wamefanya hivyo. Nilitaka miwa ile iondoke ili Mama apate kupanda maharagwe kijitoni. Nilichagua saa nane mchana, upepo ukiwa umetulia, nikawasha upande wa barabara. Mimi, msomi, nilidhani upepo nao hufuata ratiba.

Halafu baraza likamkalia Shitanda, yule mkata miwa. Kosa lake lilikuwa mzaha. Wakata miwa hupenda miwa iliyoungua kwa kuwa majani hayawachani mikono, naye alikuwa amesema sokoni, mbele ya watu, kwamba Mzee Andati akizidi kucheleweshewa zamu, yeye Shitanda atamwashia miwa. Mimi alizoea kuniita Profesa wa Porojo. Alidai shahada yangu haitakata hata bua moja. Siku ya baraza hakunitania. Aliniangalia tu, akingoja yule mwenye maneno mengi aseme lolote. Sikusema. Nawe, Baba, mwenyekiti wa baraza, ndiwe uliyetamka kwamba aondoke na mkewe kabla ya Jumapili.

Jioni ya moto uliitazama sketi yangu, ilivyokuwa na masizi pindoni. Kisha ukatazama pembeni. Sijui uliona nini. Nadhani unajua.

Usidhani nimelegea. Bado nasema mpango ule wa zamu ni dhuluma, na bado nasema ukingo wa kijito si mali ya miwa. Nikirudi Desemba nitapanda mikuyu hapo kwa mikono yangu, upende usipende. Ila sitapigiwa tena makofi kwa uongo. Kesho mkutano ule unaendelea, nami nitawaambia watu wale wale ukweli, na wakinirudisha nyumbani, nitarudi.

Kwako nina ombi moja, nalo si la kujadiliwa: itisha baraza, umsafishe Shitanda jina kwa sauti ile ile uliyomfukuzia. Nimeandika barua hii mara mbili. Nakala ya pili nimemtumia yeye, kule Musanda kwa wajomba zake, kwa posta ile ile. Hata ukiitia hii jikoni, ile itakuwa mikononi mwake.

Msalimie Mama, umsomee yote bila kuruka mstari. Mwambie mtungi wa Desemba nitaubeba mimi. Kageha naye mpe pole kwa dada mwenye kiburi. Nakuaga kwa heshima ambayo haijapungua, ingawa barua hii haikuonyesha.

Binti yako mkaidi,
Awinja